Rubi ya Julai: kuichagua, kuipima majini na kuivalisha pete

Aliyezaliwa mwezi wa saba jiwe lake ni rubi. Kuijua habari hiyo ni rahisi. Kazi ipo pale unapotaka kununua, kwa sababu kwenye kisanduku cha dalali rubi hulala na ganeti, spineli, tomalini nyekundu, kioo, rubi iliyotengenezwa kiwandani na rubi mbovu iliyojazwa kioo, na zote zikiwekwa chini ya taa nzuri huitikia jina moja. Mwongozo huu unaanza na jina na asili ya desturi yenyewe, kisha unaingia kwenye vipimo ambavyo mtu asiye na maabara anaweza kuvifanya mezani kwake kabla ya kutoa pesa.

Yakuti, marijani, la'l

Kiswahili kina neno la zamani, yakuti, lililotoka Kiarabu. Tatizo ni kwamba yakuti ni jina la ukoo mzima. Rubi na safaya ni madini yaleyale, korandamu, yaani oksidi ya alumini. Ikiingia kromiamu kidogo jiwe huwa jekundu na kuitwa rubi. Zikiingia chuma na titani huwa la bluu, nalo ndilo yakuti samawi. Kwa hiyo ukimwambia sonara "nataka yakuti", taja na rangi.

Wasomaji wa Biblia wamezoea mke mwema ambaye kima chake chapita kima cha marijani. Tafsiri nyingi za Kiingereza zimeweka rubi mahali hapo, lakini marijani ni kitu kingine kabisa, cha baharini. Qur'ani, katika Surat Ar-Rahman, inataja yakuti na marijani kwa pamoja kama vitu viwili, na kwa mtu wa vito huo ndio mpangilio ulio sawa.

Waarabu na Waajemi walikuwa na neno jingine, la'l, kwa jiwe jekundu linalofanana na rubi ambalo leo tunaliita spineli. Katika karne ya 11 mwanachuoni Al-Biruni alipima vito kwa maji na kuona kuwa yakuti ni nzito kuliko la'l ya ukubwa uleule. Ulaya ilichelewa: mawe hayo mawili yalitenganishwa rasmi kisayansi mwaka 1783 tu, na "Rubi ya Black Prince" iliyo kwenye taji la kifalme la Uingereza ni spineli mpaka leo, jina halikubadilishwa. Kipimo cha Al-Biruni ndicho tutakachokitumia hapa chini, kwa mizani ya bei nafuu.

Nani aliipa Julai rubi?

Masonara wa Marekani, mwaka 1912. Chama chao cha kitaifa kilikutana Kansas na kupanga orodha moja ya mawe ya miezi, kwa sababu kabla ya hapo kila muuzaji alikuwa na yake. Katika baadhi ya orodha za zamani za Ulaya rubi ilikaa Desemba, na Julai ilipewa feruzi au oniksi. Orodha hiyo bado inaguswaguswa: tanzanaiti iliongezwa Desemba mwaka 2002, spineli ikapewa Agosti mwaka 2016. Basi anayekwambia kwamba rubi imekuwa ya Julai tangu enzi za Haruni na kifuko chake cha kifuani anauza hadithi pamoja na jiwe.

Hadithi zenyewe ni za kale kweli, ila zilihusu jiwe jekundu, si mwezi. Huko Burma, Myanmar ya sasa, askari waliamini kuwa rubi iliyopachikwa ndani ya nyama ya mwili humkinga mtu na silaha. Ulaya walisema rangi yake hubadilika mwenye nayo akikaribiwa na balaa. Wengine waliamini kuna moto ndani yake, na kwamba ukiitumbukiza majini, maji yatachemka. Hayachemki, lakini maji yatakwambia mengi.

Desturi moja iliyo hai na inayobadilisha bei ni ya Kihindi. Manik, yaani rubi, ni jiwe la jua kati ya vito tisa vya unajimu wa Kihindi, na huvaliwa kidole cha pete, kwa kawaida ikivishwa mara ya kwanza siku ya Jumapili. Mnunuzi wa aina hii hutaka jiwe la asili lisilochomwa, lisilo na ufa, na pete iliyo wazi chini ili jiwe liguse ngozi. Masonara wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wanaijua vizuri hesabu hii. Ukiambiwa uzito kwa ratti, kipimo cha kale cha Kihindi, omba gramu, kwa sababu kipimo hicho hutofautiana kati ya muuzaji na muuzaji.

Amua kwanza unanunua rubi ya namna gani

Kuna ngazi nne, na udanganyifu mwingi ni kuuziwa ya chini kwa bei ya juu.

Ya juu kabisa ni rubi ya asili isiyochomwa moto. Chini yake ni rubi ya asili iliyochomwa ili rangi itulie na ukungu upungue. Hizi ndizo nyingi sokoni, na si aibu kuinunua mradi umeambiwa. Ya tatu ni rubi ya asili yenye nyufa zilizojazwa kioo cha risasi, yaani kioo chenye madini ya risasi, ambayo thamani yake halali ni dola chache kwa karati (gramu 0.2). Ya nne imetengenezwa na binadamu: kikemia ni rubi kamili, thamani yake ni ndogo.

Mwenye bajeti fupi ana njia nyingine ya heshima, nayo iko Longido, kaskazini mwa Arusha. Huko hutoka mwamba wa kijani, zoisaiti, wenye madoa meusi na mabonge ya rubi nyekundu isiyopitisha mwanga. Wageni huuita anyolaiti, kutoka neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Hiyo ni rubi ya kweli ndani ya mwamba wake, na hufaa kidani au shanga. Angalizo moja: zoisaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 na rubi 9, kwa hiyo mkataji asiye makini hula kijani haraka na kuacha rubi imesimama kama kipele. Pitisha ukucha mahali rangi mbili zinapokutana. Ukikwama, ung'arishaji haukumalizika.

Rubi angavu za Afrika Mashariki hutoka Mahenge na Matombo mkoani Morogoro, bonde la Umba, Winza wilayani Mpwapwa ambako watu walimiminika mwaka 2008, na Mangare katika Taita-Taveta nchini Kenya. Msumbiji, eneo la Montepuez, iliingia sokoni kwa kishindo baada ya ugunduzi wa 2009. Rubi ya Estrela de Fura, karati 55.22, ilitoka huko na kuuzwa New York mwaka 2023 kwa takriban dola milioni 34.8. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa rubi nzuri lazima iwe ya Mogok, Burma. Jina la Mogok bila cheti halina thamani ya shilingi.

Vifaa

- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10.
- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.001. Ile ya 0.01 haitoshi, na sababu itaonekana hapa chini.
- Tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno) ya nanomita 365. Zile za 395 hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaofunika kile unachotaka kukiona.
- Miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi.
- Kikombe kidogo cha plastiki, waya mwembamba wa shaba, rula, sabuni ya maji.

Hatua ya 1: rangi, nje ya duka

Balbu ya njano huipamba rubi, na wauzaji wanalijua hilo tangu enzi za babu zao. Toa jiwe nje, simama kivulini mchana, liweke juu ya karatasi nyeupe. Rubi nzuri hubaki nyekundu. Ikigeuka kahawia, shuku ganeti. Ikiwa waridi, uko kwenye mpaka wa safaya ya waridi, na mpaka huo hauna mstari uliokubaliwa na wote. Lipa bei ya waridi.

Pima pia mchanganyiko wa ukubwa, usafi na bei. Kromiamu inayoleta wekundu ina chembe kubwa kuliko za alumini, hivyo huubana mpangilio wa fuwele, na rubi nyekundu sana mara nyingi huwa ndogo na yenye kasoro. Jiwe la karati 4, jekundu, safi kama maji ya chupa, kwa bei ya kiatu, haliwezi kuwa rubi ya asili.

Usikwaruze kioo kujaribu ugumu. Spineli na ganeti nazo hukwaruza kioo, na utakachopata ni kingo iliyomeguka. Usichome kwa kiberiti cha gesi pia.

Hatua ya 2: mizani na maji

Hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kinafanya kazi kwa jiwe lisilo kwenye pete tu.

1. Chemsha maji kidogo, yaache yapoe kabisa. Kuchemsha hutoa hewa iliyoyeyuka ambayo ingegeuka viputo juu ya jiwe. Tia tone moja la sabuni.
2. Osha jiwe, likaushe, lipime. Andika uzito wa hewani hadi tarakimu tatu, mfano gramu 0.412. Karati 1 ni gramu 0.2, kwa hiyo hilo ni karati 2.06.
3. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani. Mizani hizi nyingi hubeba gramu 20 au 50 tu, basi maji yawe ya kufunika jiwe tu na kubakiza nafasi.
4. Sokota waya uwe kikapu kidogo. Kining'inize kwenye rula iliyolazwa juu ya mafungu mawili ya vitabu, kila upande wa mizani, ili kikapu kizame majini bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Rula na vitabu visiiguse mizani.
5. Rudisha mizani kwenye sifuri, kikapu kikiwa ndani ya maji.
6. Kwa kibano, weka jiwe ndani ya kikapu. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe, tuseme 0.103.
7. Gawanya uzito wa hewani kwa namba hiyo: 0.412 ÷ 0.103 = 4.00.

Rubi husoma karibu na 4.00, kati ya 3.95 na 4.05. Spineli ni 3.60, jiwe la uzito uleule lingesukuma maji gramu 0.114. Tomalini nyekundu iko karibu 3.06. Rodolaiti, ile ganeti ya zambarau-nyekundu, iko karibu 3.84. Zirkonia, jiwe la kiwandani la kuigiza vito, hupita 5.5. Kioo huyumba, kwa kawaida chini ya 3, ingawa chenye risasi nyingi huweza kufika 4.

Makosa yanayotokea: kiputo kikishika jiwe, maji yaliyosukumwa huonekana mengi na jibu hushuka, hivyo rubi hujifanya ganeti. Gusa jiwe kwa brashi laini ndani ya maji ukifukuze, kisha soma tena. Kikapu kikigusa chini, jibu hushuka vibaya zaidi. Na kuhusu mizani ya 0.01: jiwe la karati 1 husukuma maji ya gramu 0.05 tu, kosa la 0.01 juu au chini linakupa jibu lolote kati ya 3.33 na 5.00, yaani hakuna jibu. Kwa mizani ya 0.001 kosa hilohilo la tarakimu moja linakuacha kati ya 3.92 na 4.08. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Hatua ya 3: tochi na miwani

Maji hayawezi kutenganisha rubi na ganeti aina ya almandini, kwa sababu nayo hukaa karibu na 4.00. Ingia chumba cheusi, washa tochi ya UV. Rubi nyingi huwaka wekundu kama kaa la moto. Ganeti hubaki jeusi. Rubi zenye chuma kingi, kama za Winza na baadhi ya za Msumbiji, huwaka kwa unyonge, hivyo kutowaka sana si hukumu ya kunyonga. Upande wa pili, spineli nyekundu nayo huwaka, na rubi ya kiwandani huwaka kuliko zote.

Kisha miwani. Weka jiwe juu ya karatasi nyeupe yenye mwanga, litazame kupitia lenzi moja ya miwani ya polaroidi, na uzungushe miwani polepole. Rubi ina rangi mbili: nyekundu ya zambarau na nyekundu ya machungwa, nazo hupokezana kila robo mzunguko. Ganeti, spineli na kioo hubaki na rangi moja. Kuna upande mmoja wa fuwele ambao rubi nayo haibadiliki, kwa hiyo ligeuze jiwe na kulitazama katika pande tatu tofauti kabla ya kuamua.

Hatua ya 4: lenzi

Hapa unajibu swali la pili: sawa, ni rubi, lakini ya nani?

Rubi ya asili ina uchafu wake: fuwele ndogondogo, nyufa zilizojifunga zinazofanana na alama za vidole, na nyuzi nyembamba zinazoitwa hariri, zinazokatana kwa pembe za digrii 60. Hariri iliyo kamili ni dalili njema kuwa jiwe halikupita kwenye moto mkali. Joto la juu huikatakata ikawa vidoti.

Rubi ya kiwandani ya njia ya Verneuil, mkemia Mfaransa, iliyotangazwa mwaka 1902, huwa na mistari iliyopinda kama ya santuri na viputo vya mviringo. Mistari ya asili hunyooka au hukunjika kwa pembe, haipindi. Pete ya bibi ya miaka ya 1920 isikushangaze ikiwa na jiwe la namna hii. Lilikuwa limeshaenea dunia nzima. Kuna pia njia za kiwandani za polepole zinazotoa mawe yasiyo na mistari hiyo, na hizo ni kazi ya maabara.

Kioo cha risasi ndicho mtego mkubwa wa siku hizi, kimeenea tangu mwaka 2004 hivi. Chukua jiwe, ulitikise polepole chini ya taa huku ukitazama kwa lenzi. Nyufa zilizojazwa hutoa mweko wa bluu au zambarau, ukiligeuza mweko wa machungwa. Tafuta viputo vilivyolalia ndani ya ufa. Halafu tazama uso wa jiwe kwa mwanga unaorudi: kioo ni laini kuliko rubi, hivyo penye ufa utaona mfereji wenye mng'ao hafifu. Ukiviona viwili kati ya vitatu hivi, rudisha jiwe.

Hatua ya 5: cheti

Kama bei ni ya kukuumiza, lipeleke maabara. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania. Kwa mawe makubwa soko la kimataifa husikiliza zaidi maabara za GIA, Gübelin na SSEF. Soma mstari wa matibabu kabla ya mstari wa nchi. Maneno *no indications of heating* yanapandisha bei sana. *Heated* ni kawaida. Penye *residue*, yaani mabaki, uliza ni kiasi gani. Na neno *composite* maana yake ni kioo na rubi vimechanganywa. Linganisha uzito na vipimo vya milimita vya kwenye cheti na jiwe lililo mkononi, maana cheti cha kweli hupachikwa jiwe jingine kila siku.

Jiwe ghafi Tanzania linunuliwe kwa mwenye leseni au kwenye soko la madini, na upewe stakabadhi. Ukitaka kutoka nalo nchini, fuata kibali cha Tume ya Madini kwanza, si uwanja wa ndege.

Kwa sonara

Rubi ya mviringo ya milimita 6 hukaribia karati 1, na hutosha pete ya kila siku. Kwa mtu anayefanya kazi za mikono, omba ukingo wa dhahabu unaozunguka jiwe lote badala ya makucha. Rubi ni ngumu, lakini kingo zake humeguka zikigonga sinki.

Mwambie sonara mambo mawili. Kulehemu kumalizike kabla jiwe halijawekwa. Boraksi, ule unga wa kulehemia, ikiyeyuka juu ya rubi ya moto hula uso wake, hata rubi safi ya asili, na jiwe hutoka na ukungu unaohitaji kung'arishwa upya. Iwapo ni yenye kioo cha risasi, hatari ni zaidi: moto huvunja kioo, na tindikali ya kusafishia pete hukiyeyusha. Hata maji ya ndimu yanatosha kuacha mistari myeupe. Mvaaji wa rubi hiyo aivue anapokamua ndimu na anapofua kwa dawa ya kung'arisha nguo.

Rubi ya asili, iliyochomwa au la, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na mswaki laini, hasa chini ya jiwe ambako mafuta ya ngozi hujikusanya na kulizima. Iweke kwenye kimfuko chake. Ikikaa na lulu au dhahabu tupu itavikwaruza.

Kabla hujakabidhi jiwe kwa fundi, andika uzito wake kwa karati, urefu na upana kwa milimita, na uchore kasoro mbili ulizoziona kwa lenzi na mahali zilipo. Fundi atie sahihi chini ya karatasi hiyo. Likirudi likiwa ndani ya pete hutaweza tena kulipima majini, na kasoro hizo mbili ndizo zitakazokuonyesha kuwa ni lilelile.